Madhabahu si jukwaa la siasa

Mhariri,

Inanikera kuona makanisa mengi hapa Kenya yakimkabidhi mwanasiasa kipaza sauti kwa sababu tu ameleta mchango wa harambee. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto zirudishwe. Wapo wanaouliza: basi paa litaezekwa na nani? Swali hilo lina uzito, lakini Yesu alimsifu mjane wa senti mbili kuliko matajiri, na mwenye kumtolea Mungu hahitaji kuhutubia. Mwanasiasa na atie sadaka yake kapuni kimya kimya, kama muumini mwingine yeyote. Maaskofu, wachungaji na wazee wa kanisa, tujibuni: mtaifuata lini njia hiyo?

Muumini,
Nakuru