Ugonjwa wa macho usiobisha hodi



Mpendwa msomaji, kila Septemba 29 Kanisa linaadhimisha sikukuu ya Malaika Wakuu Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Leo tumtazame huyo wa tatu, ambaye jina lake maana yake ni "Mungu anaponya". Habari zake zimo katika Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti, mtu wa sala na sadaka, aliangukiwa machoni na kinyesi cha ndege, na utando mweupe ukatanda. Kila alipopakwa dawa hali ilizidi kuwa mbaya, hadi akawa kipofu. Baadaye mwanawe Tobia, akifuata maelekezo ya Rafaeli, alimpaka nyongo ya samaki. Utando ukabanduka, na mzee akauona tena uso wa mwanawe.

Ndugu zangu wa Kabwe na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, samaki mnao wengi, lakini msije mkajaribu nyongo ya migebuka! Nimeikumbuka habari hii kwa sababu nyingine. Ugonjwa wa Tobiti ulionekana, na alichopoteza alirudishiwa. Upo ugonjwa usioonekana, na unachochukua haukirudishi. Unaitwa glaukoma, wengi wetu tunauita presha ya macho.

Usiuchanganye na presha ya damu. Ndani ya jicho kuna majimaji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikiziba au ikiwa nzito, msukumo ndani ya jicho hupanda na kuuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Wapo hata ambao msukumo wao ni wa kawaida na mshipa unaharibika vilevile. Kwa kawaida jicho haliumi, haliwashi, wala halibadiliki rangi. Uoni huanza kupotea pembeni, kidogo kidogo, huku katikati mtu akiona vizuri. Jicho moja hulifichia jingine udhaifu wake. Anayesema "mimi naona vizuri" anaweza kuwa tayari amepoteza sehemu kubwa.

Tusidhani ni ugonjwa wa mbali. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 uliwapima watu wa miaka 40 na zaidi, ukakuta karibu 4 katika kila 100 wana glaukoma. Kama hali ya Ufipa inafanana na ya Kongwa, basi kigango chenye waumini 200 wa umri huo kina watu kama wanane wenye ugonjwa huu.

Sisi Wakristo tunawatendeaje hao wanane? Mama anapita njiani bila kuitikia salamu, nasi tunasema siku hizi anajivuna, kumbe aliyemsalimu alisimama upande asiouona. Mzee anajikwaa kwenye mabenchi ya kanisa, tunasema ni uzee. Akizidi kupoteza uoni, linatafutwa jina la jirani aliyemroga, na hapo ugonjwa wa mtu mmoja unageuka chuki ya ukoo mzima. Wengine wanamshauri kwa upole, "Huyo ni mtoto wa jicho, subiri akomae ukafanyiwe upasuaji." Ushauri huu unapofusha watu. Mtoto wa jicho huondolewa, na uoni ukarudi. Glaukoma haingoji kukomaa. Kila mwezi wa kusubiri unaondoka na kipande cha uoni ambacho hakuna daktari anayeweza kukirudisha. Anachoweza ni kulinda kilichobaki.

Kwa hiyo usisubiri dalili. Ukifika miaka 40, nenda ukapimwe. Kama baba, mama, kaka au dada yako ana glaukoma, nenda mapema zaidi, maana ugonjwa huu hutembea katika familia. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Omba upimwe msukumo wa jicho na mshipa ulio nyuma yake. Usijinunulie dukani matone ya macho kwa kukisia, kwani yenye steroidi yakitumika muda mrefu yanaweza kuleta ugonjwa huuhuu. Na ukipata maumivu makali ya jicho ghafla, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa au ukatapika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Aliyekwisha kugundulika ana msalaba wake: matone ya kila siku ambayo hayamwongezei uoni hata kidogo. Hapa ndipo imani inapojaribiwa. Anasikia mhubiri akisema kwamba aliyeombewa hahitaji dawa, na yeye tayari amechoka nazo. Wapendwa, hilo si fundisho la Biblia. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamwagiza mgonjwa asali, na papo hapo ampe nafasi tabibu, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba. Rafaeli mwenyewe angeweza kusema neno tu. Alimwagiza Tobia achukue kitu cha kawaida na kukipaka. Anayetia matone yake kila jioni kisha akasali Rozari hajapungukiwa imani.

Najua gharama ni kikwazo. Kutoka Kabwe hadi Namanyere, kisha Sumbawanga kwa daktari, ni nauli na siku za kazi zilizopotea. Ndiyo maana hili si suala la mgonjwa peke yake. Jumuiya ndogo ndogo inayochangia msiba inaweza kuchangia nauli kabla mtu hajapofuka. Muulizeni pia daktari juu ya leza na upasuaji. Katika utafiti wa KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2021, baada ya mwaka mmoja tiba ya leza ilifanikiwa kwa macho 61 katika kila 100, na matone ya timolo kwa 31.

Mwambao wetu una mfano wa kuiga. Adrian Atiman, aliyekuwa mtumwa utotoni, alifika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista, na alihudumu huko hadi uzeeni. Hospitali yenye jina lake ipo Sumbawanga. Kwa Atiman, mkono ulioshika katekisimu ndio uliotibu. Makatekista wetu wanaweza kuanza na jambo dogo: katika matangazo ya Dominika, wawaombe wote waliotimiza miaka 40 wakapimwe macho, na waulize ni nani anahitaji mtu wa kumsindikiza.

Mtakatifu Rafaeli, utuombee. Dominika njema.