Sisimizi, simisizi

Wapendwa, kabla hamjasikiliza kipindi cha wiki hii, mwenzenu nina aibu moja ya kuitoa.

Nilikuwa na miaka tisa, tumetoka London kwenda Tanga likizo. Chai ya sukari ilimwagika mezani, wadudu wakajaa. Nikapiga kelele, "Shangazi, simisizi!" Jamani, walivyocheka! Binamu zangu waliliimba neno lile mpaka usiku. Tangu siku hiyo Kiswahili changu kikawa cha kuitikia tu: ndiyo, hapana, asante. Miaka ikapita hivyo.

Sasa juzi, nikiandaa kipindi, nikawa nasoma jinsi wanaisimu wanavyounda upya lugha ya kale iliyozaa Kiingereza, Kilatini, Kirusi, Kiajemi na Kihindi. Lugha yenyewe haikuandikwa popote. Wanachofanya ni kupanga maneno ya lugha ndugu bega kwa bega, kutafuta sauti zinazolingana kwa utaratibu, halafu kurudi nyuma hadi neno la babu yao. Neno hilo huwekewa kinyota mbele, maana hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa.

Chukua nyigu. Kiingereza ni wasp, Kilatini vespa, Kilithuania vapsva. Wengi wanalihusisha na kitenzi cha "kufuma", kile kile kilichozaa weave na web. Inaingia akilini: kuna nyigu wanaotafuna mti na kujenga kiota kama cha karatasi.

Lakini hebu tazama sauti. Kwenye vapsva, p inatangulia s. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na wæfs na wæps. Yaani wasp ya leo ndiyo iliyogeuzwa! Lahaja fulani za Uingereza zilibaki na waps. Ukisema hivyo darasani utasahihishwa, kumbe wewe ndiye uko karibu zaidi na babu.

Sisimizi ndio wamevurugwa kabisa. Kigiriki cha kale ni myrmex, Kirusi muravei, Kiajemi mur, Kilatini formica. Huku m, kule f, na kanuni za kawaida za sauti hazitoshi kueleza. Wasemaji wenyewe walilipindapinda neno, pengine kwa mchezo, pengine kwa mwiko. Hata hivyo wanaisimu wengi bado wanayahesabu yote kuwa ya ukoo mmoja. Hakuna aliyefukuzwa nyumbani kwa kugeuza silabi.

Jumapili nikampigia shangazi, nikamsimulia yote kwa Kiswahili changu hiki hiki. Nilikwama mara tatu, akanisubiri.

"Mimi hata siikumbuki siku hiyo," akasema. Kisha kimya kidogo. "Mwanangu, kumbe ulininyamazia miaka yote kwa ajili ya sisimizi?"

Sikuwa na jibu. Tuliongea saa nzima.

Na wewe, ni neno gani lilikufunga mdomo? Turekodie ujumbe wa sauti, ulitamke vilevile ulivyolitamka siku ile. Tutalisikiliza pamoja kipindi kijacho.