Mtoa Kibali Asiwe Mwamuzi

Ndugu wachimba madini, nanyi wenyeji wa Shasha, Sake na Masisi yote, tunalo neno.

Serikali ina afisi nyingi za madini. CAMI hupokea maombi ya haki za kuchimba na kuziandikisha. SAEMAPE huwasaidia na kuwasimamia wachimbaji wa mikono. CEEC hukadiria thamani ya mali. Afisi hizo ni za lazima, maana pasipo kanuni mwenye nguvu hula peke yake. Lakini afisi ikikosea, tuishitaki kwa nani? Tukirudi kwa yule yule aliyetia sahihi, hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Tukumbuke Septemba 2010. Amri moja ilifunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Katiba ya 2006 ilikwisha ahidi Baraza la Dola na mahakama za kupima amri za serikali, lakini sheria ya kuzipanga ilikuja Oktoba 2016. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa ya Mahakama Kuu, huko Kinshasa. Mchimbaji wa Bisie, Walikale, angefikaje?

Kisha Aprili 2024 M23 walitwaa Rubaya, bunduki ikawa ndiyo kibali na ndiyo hukumu.

Basi twadai mambo mawili. Mahakama hizo zikae karibu na migodi, zisikilize kwa Kiswahili. Na kila amri ya afisi iandikwe pamoja na sababu zake.

Uhuru si bendera tu. Uhuru ni mchimbaji kuishitaki serikali, akiwa na haki, akashinda.