Barua ya Rufaa Isiyo na Senti

Tabibu wa zahanati ya kijiji ana kalamu, muhuri na barua za rufaa. Fedha hana. Akimkuta mama wa hapa Didia ana uvimbe kwenye titi, humwandikia barua ya kwenda Shinyanga mjini. Huko huandikiwa nyingine ya kwenda Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 150. Asipokuwa na bima, vipimo, kitanda na upasuaji ni juu ya ukoo. Nauli na chakula cha msindikizaji ni juu ya ukoo hata akiwa nayo. Ng'ombe huuzwa kwa bei ya kutupa, maana wanunuzi mnadani hunusa shida. Asiye na ng'ombe huikunja barua, akaiweka sandukuni pamoja na khanga, akangoja.

Tangu Serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, tumezoea kuiita hali hiyo rufaa. Rufaa gani hiyo? Mimi nadai kwamba yule anayemjua mgonjwa ndiye awe na kauli juu ya fedha za kumpeleka kwa daktari bingwa.

Uingereza walijaribu. Kuanzia 1991 madaktari wa familia waliotaka walikabidhiwa mafungu ya kununulia huduma za hospitali. Hospitali zikaanza kuwasikiliza, jambo ambalo lilikuwa adimu. Lakini wagonjwa wao mara nyingi walitangulia kutibiwa, na wale ambao madaktari wao hawakushika mafungu wakabaki nyuma. Mpango ukafutwa 1999. Basi kwetu fungu liende kila zahanati, si kwa wenye hamu tu.

Najua jibu la wakubwa: tabibu atazila. Mbona tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati zilianza kuingiziwa fedha katika akaunti zao wenyewe, kamati za afya zikisimamia? Tena hizi za rufaa hatazishika mkononi. Ataidhinisha tu, na hospitali italipwa. Mbona hofu hii haiwahusu waliokaa wilayani?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023. Katika kanuni zake liwekwe fungu la rufaa, nauli ikiwamo, na itajwe wazi kuwa mwenye kuliidhinisha ni mganga mfawidhi wa zahanati.