Msimlaze mgonjwa siku nzima
Mama mkwe wangu hapa Busibwabo alipoanza matibabu ya saratani ya matiti, jamaa walimkataza hata kushika ufagio. Walifanya hivyo kwa upendo, lakini nguvu zilizidi kumwisha. Baada ya upasuaji muuguzi alimfundisha kupandisha vidole ukutani polepole, bega lisikaze, na kutembea uani jua likipoa. Sasa anachota maji mwenyewe, tena anafurahi!

Utafiti wa 2025 kwa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana ulionyesha kuwa waliofuata ratiba ya mazoezi baada ya kemotherapi walipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 37. Mwandishi, tafadhali tueleze: mwenye mkono uliovimba baada ya upasuaji wa titi aanze na zoezi gani?