Ramani za simu Arua na Koboko: nani anamwandikia mfanyabiashara?

Anayetoka Arua kwenda Koboko, mwendo wa kilomita 55 hivi, siku hizi anaweza kuiona njia yote kwenye simu hata bando likiisha. Programu kama OsmAnd na Organic Maps humruhusu kupakua ramani mapema. OsmAnd huongeza kurasa za mwongozo wa safari kutoka Wikivoyage. Ramani zenyewe hutoka OpenStreetMap, mradi ulioanza 2004, ambamo yeyote anaweza kuongeza barabara, gesti au soko.

West Nile inaijua faida yake. Wakimbizi wa Sudan Kusini walipomiminika kuanzia 2016, wakazi na wakimbizi walishirikishwa kuchora visima, shule na zahanati za makambi katika ramani hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba miongozo ya safari huandikwa zaidi na watalii kwa ajili ya watalii. Husema hoteli na viza. Mama mwenye magunia ya maharage anayevukia Vurra kwenda Ariwara, au Oraba kwenda Kaya, anataka kujua ofisi ya forodha ilipo na lori litaegeshwa wapi. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, Kongo ikafuata 2022. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa za nchi wanachama zisizozidi dola 2,000, lakini mtalii hana sababu ya kuliandika hilo.

Ipo pia hatari. Ramani iliyopakuliwa hubaki ilivyokuwa siku ile. Mpaka ukifungwa leo, simu itaendelea kuonyesha njia, na mwenye shehena ya nyanya atapoteza mtaji. Kwa hiyo ramani iaminiwe kwa mambo ya kudumu: barabara, masoko, maghala. Bei, viwango vya kubadilisha fedha na usalama viulizwe kwa dereva aliyepita asubuhi.

Vyama vya wafanyabiashara vya Arua na Koboko vinaweza kuteua vijana wachache wa kujaza mapengo hayo na kuyakagua kila mara. Wasiweke namba za simu za watu wala njia za panya, maana ramani anayoisoma mfanyabiashara, mporaji naye anaisoma. Tusipoiandika sisi, tutaendelea kusafiri kwa maelezo ya mgeni aliyepita mara moja.