Pilau iliyolala mezani haiponi kwa maikrowevu

Ukipita Biashara Street, hapa kisiwani Mombasa, utakuta akina mama wakichagua leso za harusi. Palipo na harusi pana pilau, na pilau ya harusi haimaliziki siku hiyo. Hubebwa nyumbani, ikawekwa mezani, ikafunikwa leso, na asubuhi ikatiwa katika maikrowevu dakika moja. Msomaji, kufunika si kuhifadhi, na dakika hiyo moja haiokoi kitu.

Wengi huiogopa mashine hii kwa sababu nyingine kabisa. Husema chakula chake huleta saratani. La hasha! Mawimbi yake hutikisa maji yaliyomo ndani ya chakula mpaka kikapata moto; ukizima, mawimbi yamekwisha, hayabaki katika wali. Wa kuogopwa ni mlango uliopinda au usiofunga sawasawa. Ukiwa hivyo usiiwashe, mwite fundi.

Hatari kubwa imo siniani. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili moto wa kupikia. Wali ukiachwa katika joto letu la pwani, mbegu hizo huamka, bakteria wakazaana, na baadhi yao hutoa sumu. Sumu hiyo haiharibiwi hata na maji yanayochemka, sembuse dakika moja ya maikrowevu. Mlaji hutapika kabla ya saa 6 kupita, akalaumu mafuta ya mpishi au jicho la jirani.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Basi pilau ikifika nyumbani itandaze katika vyombo vipana ipoe haraka, kisha itie friji. Iliyokesha mezani itupe. Najua inauma, hasa ikiwa nyama ya mbuzi bado imo, lakini kulipia dripu ya mtoto kunauma zaidi.

Hata iliyolala frijini ina adabu yake. Mawimbi hayapenyi ndani sana, sentimita 2 au 3 hivi, kwa hivyo pembeni patachoma na katikati pabaki baridi. Tandaza chakula, nyunyiza maji kidogo, funika ukiacha upenyo wa mvuke, koroga kikiwa nusu, kisha kiache kitulie dakika 2. Kitoe moshi mpaka katikati. Tumia bakuli la kauri au la kioo cha kustahimili moto. Sufuria itatoa cheche, na kopo la siagi halikutengenezwa kwa kupashia chakula. Yai lenye ganda hulipuka. Chupa ya maziwa ya mtoto iweke katika maji moto, kwani kwenye maikrowevu huweza kuwa vuguvugu mkononi na maziwa yakamchoma ulimi.

Pasha kiasi utakachokula tu. Kitakachobaki sahanini kisirudi tena friji.